Nyota Mbili na Nusu: Tathmini ya Huduma za Vyama Vikubwa, Kutoka kwa Muuza Viazi wa Molo na Kibuye

Watu huandika tathmini za hoteli, za simu na za pikipiki, nami nimeona si vibaya kutathmini huduma ambayo nimeilipia kwa miaka mingi kuliko simu yoyote niliyowahi kumiliki, yaani huduma ya vyama vyetu vikubwa vya siasa. Neno kulipia silitumii kwa mzaha. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inataka angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa iingie katika Hazina ya Vyama vya Siasa, na ingawa kinachotolewa kimekuwa pungufu ya hapo, kiasi kwamba chama cha ODM kiliwahi kwenda mahakamani kudai chake, hicho kidogo nacho hutoka katika dizeli ninayotia kwenye lori, sukari ninayonunua na vocha ninayokwaruza. Mteja aliyelipa ana haki ya kusema alichokiona mezani.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu mwaka 2013, ambao ndio mwaka serikali za kaunti zilipoanza kazi, nimekuwa nikinunua viazi Molo na Kuresoi, kaunti ya Nakuru, na kuvipeleka soko la Kibuye, Kisumu, kupitia Mau Summit, Kericho na Ahero, na lori halirudi tupu, kwa kuwa hurudi na omena, yaani dagaa, na samaki wa kukaushwa. Molo wananiita mwarimu, Kibuye wananiita japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, na katika sehemu zote mbili wananidai bei ya chini. Jambo la maana kwa tathmini hii ni kwamba ncha mbili za safari yangu zimekuwa mikononi mwa kambi mbili zilizokuwa zikipingana. Nakuru ilimchagua Kinuthia Mbugua kwa tiketi ya TNA mwaka 2013, ikamchagua Lee Kinyanjui kwa tiketi ya Jubilee mwaka 2017, kisha ikamchagua Susan Kihika kwa tiketi ya UDA mwaka 2022. Kisumu haikuwahi kutoka ODM: Jack Ranguma kwanza, kisha Anyang' Nyong'o mara mbili. Bila kukusudia nimekuwa kama mtu anayekula asubuhi katika hoteli moja na jioni katika nyingine iliyo ng'ambo ya barabara, huku wenye hoteli hizo wakitukanana kila Jumapili.

Huduma ya kwanza niliyopewa na chama cha siasa sikuiomba. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipoingia tovuti ya serikali ya eCitizen kuangalia uanachama wao walijikuta wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakuvijua, nami nilikuwa mmoja wao. Chama kilichoniandikisha sitakitaja, kwa sababu jirani yangu alikuta ameandikishwa na kile kinachopingana nacho, na sote wawili hatukuwahi kutia sahihi popote. Tulicheka, tukajiondoa, tukaendelea na kazi. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu ni mahali pa kwanza nilipoanza kushuku kwamba jikoni huenda ni moja.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Viazi vyangu huuzwa katika masoko ya kaunti nne, na sitasema hili lilitokea katika lipi. Nilikuwa nimelipia leseni ya biashara ya mwaka mzima na risiti ninayo hadi leo katika kopo la Kimbo ambamo huhifadhi karatasi zote za kazi. Wiki ya pili walikuja askari watatu wa kaunti, mmoja akaisoma leseni kutoka juu hadi chini, akasema muhuri wake haujakolea, na wakaondoka na mizani yangu. Kuikomboa kulinigharimu siku mbili na shilingi elfu mbili ambazo hazikuandikiwa risiti. Choo cha soko hilo, ambacho kukiingia ni shilingi kumi, kilikuwa na bomba lililozibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na maji ya kunawa yalikuwa katika mtungi ambao mama muuza chai huubeba kutoka kwake asubuhi ili wateja wake wasimkimbie. Nimekisimulia kisa hiki kwa kinyozi wangu wa Nakuru, ambaye alinikatiza kabla sijamaliza, akataja soko la Nakuru kwa jina na kusema yule askari anamfahamu. Nikakisimulia tena Dunga, ufuoni Kisumu, mbele ya sahani ya samaki na ugali, na watu wawili wakabishana kama lilikuwa soko hili au lile la Kisumu. Hakuna aliyeniuliza kaunti hiyo inaongozwa na chama gani. Laiti tofauti ya vyama ingekuwa inafika sokoni, angalau mmoja wao angeona kwamba kisa hicho hakifanani na kwao.

Tofauti hiyo naitafuta pia katika lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndilo jambo ninalolijua kuliko yote. Katika enzi za serikali ya Kibaki kuliwekwa kikomo cha kilo 110 kwa gunia la viazi. Mwaka 2019, enzi za Jubilee, zikatoka kanuni mpya zinazosema gunia lisizidi kilo 50. Wakuu wa Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto na chama chake cha UDA, nao walipoingia mwaka 2022 wakailaani lumbesa majukwaani kwa maneno makali kuliko ya waliowatangulia. Hizo ni serikali tatu, zilizoingia kwa kaulimbiu tatu na rangi tatu, na zote zilimuahidi mkulima jambo lile lile.

Sasa njoo usimame karibu na lori saa kumi na moja alfajiri, kabla umande haujakauka kwenye majani ya viazi vya Shangi. Kijana anajaza gunia hadi mdomoni, anapanda juu, analikanyaga kwa magoti, anaongeza karai mbili, kisha anachukua kipande cha neti na kukishona juu ya mdomo kwa shazia na uzi wa nailoni, akijaza na kushona, akijaza na kushona, mpaka gunia linavaa kilemba. Nimewahi kulipima moja likawa kilo 132. Mkulima hulipwa kwa gunia, si kwa kilo; maana yake ni kwamba aliuza zaidi ya magunia mawili na nusu ya kisheria akapokea bei ya moja. Ushuru wa mazao, ambao sisi wa barabarani tunauita sesi, nao hutozwa kwa gunia, kwa hiyo lenye kilemba hunipunguzia gharama kwenye kizuizi. Ndiyo, mimi. Sitajifanya malaika katika ukurasa wangu mwenyewe: nimenunua lumbesa, nimeipakia, nimeiuza Kibuye kwa ndoo na kupata faida ambayo kwa haki ilikuwa ya mama mmoja wa Kuresoi aliyeniamkia kwa heshima.

Kinachonishangaza ni wepesi wa tiba yake. Kaunti inayotoa viazi ikikataa kupitisha gunia lenye kilemba, au soko linalopokea likikataa kulishusha, mchezo umekwisha ndani ya mwezi mmoja. Lakini anayekaza kizuizi chake peke yake huogopa malori yatatafuta njia na mashamba mengine, na sesi itakwenda nayo. Kwa hiyo kila upande unamngoja mwenzake aanze. Hapo vyama viwili vilivyokuwa maadui wakubwa vimefanikiwa kushirikiana kwa zaidi ya miaka kumi bila hata kikao kimoja.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, ila hawakutuambia nyasi hizo hufanywaje fahali wakipatana. Mwaka 2018 nilipata nafasi ya kuona. Rais Uhuru Kenyatta wa Jubilee na kiongozi wa upinzani Raila Odinga wa ODM walipeana mikono tarehe 9 Machi, na kabla ya mwaka kwisha maridhiano yao yalinifikia mara mbili. Mwezi wa Septemba kodi ya thamani iliyoongezwa ilianza kutozwa kwa mafuta ya gari, ikapunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 8 baada ya makelele, na kiongozi wa upinzani akawahimiza wabunge wake waiunge mkono serikali. Dizeli yangu ikapanda, na hapakuwa na mtu wa kulalamikiwa, maana aliyezoea kutulilia alikuwa ameketi na aliyezoea kututoa machozi. Kisha tarehe 13 Desemba mpango wa afya kwa wote ulizinduliwa Kisumu, ambayo ilikuwa mojawapo ya kaunti nne za majaribio pamoja na Nyeri, Machakos na Isiolo. Dada yangu mdogo, aliyeolewa Kisumu na ambaye presha humsumbua, alionyesha kadi yake akatibiwa, na kwenye dirisha la malipo hakuombwa kitu. Mimi Nakuru nililipa. Kwa wiki kadhaa tulitaniana kwenye simu, akiniambia nihamie ODM nipone.

Lakini ukilitazama vizuri, haikuwa ODM iliyomtibu, wala si Jubilee iliyoninyima. Nyeri, ngome ya Jubilee, ilikuwemo katika orodha. Nakuru, ngome ya Jubilee, haikuwemo. Siaya na Homa Bay, ngome za ODM, hazikuwemo. Kaunti zilichaguliwa kwa aina ya magonjwa na hali ya watu wake, na mlango ulifunguliwa kwa sababu wakubwa wawili hawakuwa wanagombana wiki hiyo. Majaribio yalikuwa ya mwaka mmoja, na mpango ule haukuenea nchini kwa sura ile ile. Dada yangu bado anayo kadi. Huitumia kuwekea alama katika kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

Kuhusu mafuta, hadithi iliendelea. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, chini ya Kenya Kwanza, iliirudisha kodi ile hadi asilimia 16, huku Azimio, muungano wa upinzani wa Raila, ikiandamana barabarani kwa ajili ya gharama ya maisha. Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana na kuvunjwa kwa baraza la mawaziri, John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa kitaifa wa ODM, aliingia Wizara ya Fedha. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilipita chini yake na asilimia 16 ikabaki palepale. Sisemi kwamba waziri mmoja angeweza kuiondoa kwa kalamu, kwa kuwa madeni ya nchi hayaulizi chama. Nasema tu kwamba kwenye pampu, ambako mimi hukutana na serikali kila wiki, sikuweza kutambua siku ambayo upinzani uliingia ndani.

Barabara nitaipitia haraka. Upanuzi wa ile ya kutoka Rironi hadi Mau Summit ulitiwa saini na serikali ya Jubilee mwaka 2020 pamoja na kampuni za Ufaransa; Kenya Kwanza ikaufuta mkataba huo na kuupa upande wa China kazi hiyo pamoja na hazina yetu ya hifadhi ya jamii, NSSF. Tofauti kwa mkandarasi ni kubwa sana. Kwa dereva wangu, mikataba yote miwili ilimtaka alipe ada barabarani.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kusema vyama hivi havitofautiani kabisa, na nimewahi kuwasikia wenzangu wakisema hivyo kwa uvivu tu wa kutazama. Mwaka 2022 bidhaa mbili tofauti ziliwekwa kaunta. Azimio iliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini zaidi. Kenya Kwanza iliahidi kushusha gharama za mkulima na kumkopesha mfanyabiashara mdogo. Hayo si maneno yanayofanana. La kwanza linamtazama mtu asiye na kitu, la pili linamtazama mtu mwenye kitu kidogo. Kenya Kwanza ilishinda, na mbolea ikashuka kweli: gunia la kilo 50 ambalo wakulima wangu wa Molo walikuwa wakilinunua kwa zaidi ya shilingi 6,000 liliuzwa kwa 3,500 mwaka huo, kisha kwa 2,500 mwaka uliofuata. Niliziona foleni kwenye maghala ya nafaka, na nilimwona mkulima ambaye kwa misimu miwili alipanda bila mbolea akipanda nayo. Mwaka 2024 mbolea bandia ikagunduliwa ndani ya mpango huo huo, na wapo walioipanda. Bado, nikipima kwa haki, hiyo ni huduma iliyoahidiwa na ikafika.

Mama ninayemwachia viazi vyangu Kibuye, na ambaye huniuzia omena, hana shamba. Kwake mbolea ya 2,500 ni habari za redioni. Yeye aliangukia ule mkopo wa serikali wa mahasla (Hustler Fund) uliozinduliwa mwishoni mwa Novemba 2022, wenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka na siku 14 za kulipa. Simu ilimpa kikomo cha shilingi 500, na kwa kuwa asilimia 5 huwekwa akiba, mkononi zilifika 475. Aliniambia, akicheka bila kuniangalia, huku akipepeta omena kwenye beseni: "Japuonj, hizi ni za nauli ya kwenda kukopa kwingine." Alizilipa kwa wakati, akakopa tena, kikomo kikapanda kidogo, na sasa huzitumia wiki ambazo samaki ni haba. Hakuinuliwa wala hakuangushwa. Zile 6,000 za Azimio angezipata? Sijui ningezipimaje, kwa kuwa bidhaa hiyo haikuwahi kutoka kiwandani, na tathmini haiandikwi kwa picha iliyo kwenye boksi.

Tofauti ya kweli niliyoiona karibu zaidi haikuwa kati ya vyama bali ndani ya chama kimoja. Kakamega na Kisumu zote zilikuwa za ODM. Kakamega, chini ya Wycliffe Oparanya, iliwalipa kina mama wajawazito maskini shilingi 12,000 kwa awamu sita ili wahudhurie kliniki na kujifungulia hospitalini, na wanawake wa huko waliuita mpango huo kwa jina la gavana, si la chama. Kisumu chini ya Nyong'o ilikuja na bima ya familia maskini iliyoitwa Marwa, neno la Kijaluo lenye maana ya chetu. Chungwa, nembo ya ODM, lilikuwa moja, mawazo mawili, na mwanamke mjamzito alipata huduma tofauti kabisa kutegemea kaunti aliyojengewa nyumba. Mkaguzi yeyote wa hoteli angeniambia kwamba hapo ninayemsifu ni mpishi, si jina lililoandikwa juu ya mlango, na sitabishana naye. Ubaya wake ni kwamba karatasi ya kura hunipa majina ya milango kwa herufi kubwa, na wapishi huwajua baada ya kulipa.

Nyota, basi. Huduma ya kabla ya mauzo ningeipa tano bila kusita: fulana hufika kwa wakati, leso hazichuji, mgombea hukumbuka jina langu na la marehemu mke wangu, na mahema ya mikutano huwa na viti vya kutosha, jambo ambalo zahanati nyingi hazijalifikia. Huduma ya baada ya mauzo naipa moja kwa kambi zote mbili. Nusu naiongeza kwa mbolea, nusu kwa Marwa na kwa zile hela za kina mama wa Kakamega, na nusu ya mwisho kwa Desemba ile ya 2018 ambayo dada yangu alitoka kliniki na pesa zake za nauli zikiwa bado zimefungwa kwenye pindo la leso. Zikijumlishwa, bila zile tano za kabla ya mauzo, ni mbili na nusu. Anayetaka kununua kwa sababu ya rangi ya pakiti aendelee, ila pakiti hizi zimebadilishwa mara nyingi: wauzaji wa TNA wakawa wa Jubilee, wengi wao wakawa wa UDA, na wengine wamekwishaanza kuulizia rangi ya 2027.

Mmoja wao alitutembelea mwezi uliopita tulipokuwa tukipakia. Gari lake lilisimama kando ya shamba, akashuka na vijana wanne, akatusalimu kwa adabu, akaniita mwarimu ingawa sikuwahi kumwona. Aliongea juu ya mkulima kunyonywa, na aliongea vizuri. Nilimwomba anionyeshe, katika magunia yaliyokuwa yamesimama pale, ni lipi ambalo yeye kwa macho yake lina kilo 50. Aliyatazama yote, akacheka, akanyoosha mkono kwenye lile lenye kilemba kirefu kuliko yote, wapakiaji nao wakacheka. Kisha akatoa noti mbili za mia, akasema ni za chai, akaondoka kabla ukungu haujainuka. Kijana wa shazia alizikunja zile noti, akazitia mfukoni, akalamba ncha ya uzi na kuendelea kushona.